Saa ya Wapi? Tafakari ya Juma la Kwanza la Majilio



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita tumeanza Majilio, na kama ilivyo ada, Mama Kanisa ametufungulia mwaka mpya wa liturujia kwa kutukumbusha kwamba saa ya kuja kwake Bwana hatukupewa kuijua, na kwa hiyo yatupasa kukaa macho. Kila mwaka tunalihubiri neno hilo, nanyi kila mwaka mnalisikia. Lakini safari hii neno "saa" limetukalia moyoni kwa namna nyingine, kwa sababu ya kitu kidogo tulichokiona hivi karibuni, na kwa sababu ya jambo la zamani ambalo kitu hicho kilituamshia. Tumeona vema tuwashirikishe yote mawili, na hilo la pili tutalisema kama anavyosema mtu aliye katika kitubio.

Tulialikwa kutoa mafungo ya watawa katika misheni ya mbali, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata barabara, tulipelekwa kwa ndege ndogo ya injini moja, Cessna yenye viti sita. Abiria walikuwa wachache, tukapewa kiti cha mbele kando ya rubani. Rubani mwenyewe alikuwa binti wa Kitanzania, ambaye kwa umri wake angeweza kabisa kuwa mmoja wa watoto tuliowabatiza miaka ile ya mwanzo ya upadre wetu. Tulipokwisha kupanda juu ya mawingu tukaanza kuzitazama saa na mita nyingi zilizo mbele yake, na macho yetu yakatua juu ya saa ndogo ya tarakimu. Ilionyesha 06:12.

Tukatazama saa yetu ya mkononi. Mshale mfupi ulikuwa umepita tisa kidogo, nasi, kama tulivyofundishwa na mama zetu, tuliisoma saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Tukamwambia, "Binti yetu, saa ya ndege yako imesimama." Akacheka kwa adabu. "Haijasimama, Padre. Hiyo ni saa ya ulimwengu. Ngoja nikuonyeshe ya kwetu." Akabonyeza kitufe, zile herufi mbili ndogo zilizokuwa kando ya namba zikabadilika kutoka UT kuwa LT, na namba yenyewe ikawa 9:12.

Basi fikirini, wapendwa. Dakika ni ile ile moja, jua ni lile lile moja, na watu wawili wameketi bega kwa bega. Lakini ndege yasema sita, mshale wa mkononi wasema tisa, na ulimi wetu wasema tatu. Wala hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyesema uongo.

Katika safari ile binti huyo alitueleza mengi, na tuliporudi tulisoma zaidi, nasi tungependa mwelewe jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi, maana mafundisho tuliyoyapata yamo ndani ya ufundi wake wenyewe.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa moja, au uzi mmoja kwa kila dakika 4. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na 22 kati yao wakapiga kura kwamba mstari wa kuanzia kuhesabia upite Greenwich, Uingereza. Leo saa ya ulimwengu hutunzwa kwa saa za atomu zilizo katika nchi nyingi, nayo hujulikana kwa herufi UTC. Inasemekana Waingereza walitaka ziwe CUT, kadiri ya mpangilio wa maneno yao, nao Wafaransa wakataka ziwe TUC. Mwisho zikachaguliwa herufi ambazo hazifuati sawasawa lugha ya hawa wala ya wale, ili asiwepo wa kujivuna.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya hiyo saa ya ulimwengu. Saa yetu imefuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata haupiti Tanzania. Unapita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana pale Dar es Salaam jua hufika utosini, kwa wastani, dakika 20 na ushei baada ya saa sita kamili, na ndugu zetu wa Kigoma hulipata yapata saa saba mchana. Tena mwana wa Kigoma akipanda mtumbwi kuelekea Bujumbura, ambako jua ni karibu lile lile la kwao, atakuta saa za watu ziko nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa Burundi, sawa na Rwanda na mashariki ya Kongo, iko saa 2 tu mbele ya saa ya ulimwengu. Ziwa ni moja, na samaki ni wale wale.

Sasa rubani, ambaye kwa siku moja aweza kuvuka mipaka kama hiyo mara tatu au nne, angefanyaje kama kila uwanja ungemtangazia hali ya hewa kwa saa yake? Angefika mahali akitarajia anga safi, kumbe taarifa aliyoisoma ni ya saa iliyokwisha kupita. Kwa hiyo duniani kote mipango ya safari za ndege, taarifa za hali ya hewa na matangazo ya viwanja huandikwa kwa saa ya ulimwengu. Katika taarifa ya hewa ya uwanja wowote huandikwa siku na saa, kisha herufi Z. Ikiandikwa 270600Z, maana yake ni tarehe 27, saa 06:00 ya ulimwengu, iwe imetoka Mwanza au Brazili. Na kwa kuwa katika redio herufi Z hutamkwa "Zulu", marubani huiita saa hiyo Zulu. Tunawaomba mlikumbuke neno hilo, maana tutalirudia kwa majuto.

Katika ndege kubwa mambo ni hayo hayo. Kwenye Airbus A320, saa iliyo mbele ya marubani huonyesha katikati yake saa ya ulimwengu, ambayo huipokea kutoka satelaiti za GPS. Satelaiti zikikosekana huendelea kwa mashine yake ya ndani. Kwenye Boeing 777 rubani aweza kuchagua kati ya saa ya ulimwengu na saa nyingine aliyoiweka kwa mkono wake. Hata hizo satelaiti zenyewe haziko sawasawa na saa ya ulimwengu: tangu mwanzo wa mwaka 2017 saa yao imetangulia kwa sekunde 18, na chombo cha ndani ya ndege huzipunguza kwanza ndipo kionyeshe. Sekunde 18 si nyingi, lakini hakuna aliyesema, "Ni kidogo, tuziache."

Kilichotugusa zaidi, hata hivyo, ni ile saa ndogo ya Cessna, ya aina ya Davtron, ambayo imefungwa katika ndege ndogo nyingi. Binti yule alitueleza namna ya kuirekebisha. Ukiwa upande wa saa ya ulimwengu, unaweka saa na dakika. Ukigeukia upande wa saa ya mahali, unaruhusiwa kuweka saa tu. Dakika haziguswi. Dakika zimefungwa pamoja na zile za ulimwengu, na hata ukibonyeza hadi kidole kiume hutazibadili. Watengenezaji waliona kwamba mahali pengi duniani tofauti ni ya saa kamili, basi saa ni ya mahali, lakini dakika ni ya wote. (Huko India, ambako tofauti ni saa 5 na nusu, au Nepal, ambako ni saa 5 na dakika 45, upande wa saa ya mahali hautamsaidia rubani.)

Na jambo la pili: saa ile haionyeshi namba tupu kamwe. Kila mara kando ya namba kuna herufi zake. UT ni saa ya ulimwengu, LT ni saa ya mahali, FT ni muda ambao ndege imekuwa safarini, na ET ni muda unaopimwa tangu rubani alipoamua kuanza kuhesabu. Namba yaweza kuwa ile ile, lakini hujui ni ya nini mpaka usome herufi. Binti alituambia kwamba mwalimu wake alimfundisha kusoma herufi kwanza, ndipo asome namba.

Tulipoyasikia hayo tulinyamaza kwa muda mrefu, hata akatuuliza kama tunasikia kizunguzungu. Tulimwambia hapana. Kwa kweli tulikuwa tumerudi mwaka 1994.

Mwaka huo tulikuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya pembezoni, magharibi mwa nchi yetu. Katika mojawapo ya vigango vyetu alikuwepo katekista mzee, mtu aliyefundisha dini tangu kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi, ambayo hakutaka kuihangaikia. Usiku mmoja ngiri hiyo ilijinyonga, akaletwa misheni kwa baiskeli huku akitapika na tumbo limekaza kama ngoma. Sista wa zahanati alimpapasa, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba huyu anahitaji upasuaji, tena upesi.

Tulikwenda kwenye redio ya upepo. Hospitali ya misheni iliyokuwa na daktari wa upasuaji ilikuwa mbali, barabara ilikuwa matope, na kulikuwa na ndege ndogo iliyozungukia vituo kama vyetu. Tuliita, tukapokewa, tukaeleza. Baada ya kusubiri tulijibiwa kwamba ndege itapitia kwenye kiwanja cha majani, kilomita 18 kutoka misheni, asubuhi ya siku inayofuata. Redio ilikuwa inakwaruza sana. Tulisikia, "Sifuri sita... Zulu." Aliyesema alikuwa Mtanzania mwenzetu, akizungumza Kiswahili kama sisi. Basi tukasikia Kiswahili, na tukahesabu Kiswahili. Tuliandika kwenye karatasi: saa sita. Neno la mwisho tulilisikia vizuri kabisa, lakini hatukulielewa. Tukadhani ni jina la rubani. Hatukuuliza. Tulishukuru, tukazima redio ili tusimalize betri.

Asubuhi tulimpaka mzee Mafuta Matakatifu, tukampa na Komunyo, kipande kidogo sana kwa sababu hakuweza kumeza. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa nne, ili tufike mapema. Ilipokuwa yapata saa tatu, tukiwa bado barazani, ulisikika mngurumo nyuma ya mlima. Mzee akafumbua macho. "Padre," akasema, "si ndiyo hiyo?"

Tukamjibu, "Hapana, Mzee wetu. Yetu ni ya saa sita."

Naye alituamini. Alituamini kwa sababu tulikuwa padre wake, na kwa sababu tuliitaja namba bila kusitasita.

Tulifika kiwanjani saa sita kasoro robo. Mlinzi wa kiwanja alitushangaa. Alituambia ndege ilitua saa tatu, rubani akasubiri karibu saa nzima, akaenda hadi njiani kuangalia kama kuna gari linalokuja, kisha mawingu yakaanza kufunga upande wa mlima, akaondoka. Yeye alikuwa sahihi. Alisema sita, na saa sita ya Zulu ni saa tatu yetu ya asubuhi. Alikuja katika dakika aliyoahidi.

Tulimpeleka mzee kwa Land Rover ya parokia. Tulikwama mara mbili. Tulifika hospitalini usiku, akapasuliwa saa nne usiku huo huo, na sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha kuoza. Alifariki siku ya tatu. Tulimwuliza daktari kama yale masaa yangemwokoa. Alikuwa mtu mwaminifu. Alisema huenda ndiyo, na huenda hapana, na kwamba hatutajua upande huu wa mbingu.

Baada ya Misa ya arobaini tulikwenda nyumbani kwa mjane wake. Tulikuwa tumekwisha kuungama kwa padre mwenzetu na kupewa maondoleo, lakini tuliona kwamba mama yule ana haki ya kusikia kutoka kinywani mwetu. Tukamweleza yote: redio, namba, neno tusilolijua, mngurumo nyuma ya mlima. Alisikiliza huku akipepeta mchele, wala hakuacha kupepeta. Mwisho akasema, "Baba, ulisema ulichosikia. Siku nyingine, uliza."

Hakusema zaidi ya hayo. Alituandalia chai. Kwa miaka mingi tuliyahesabu maneno yale kuwa ni huruma, nayo kweli yalikuwa huruma. Lakini juzi, ndani ya ile ndege, tulitambua kwamba yalikuwa pia ni agizo, na kwamba hatujalitimiza kikamilifu.

Kwa maana kosa letu, wapendwa, halikuwa kuwa na saa yetu ya Kiswahili. Wako watakaowaambia vijana wetu kwamba kuhesabu saa kuanzia mapambazuko ni ushamba unaofaa kuachwa. Sivyo. Hesabu hiyo ni ile ile waliyoitumia Mitume. Tunaposoma kwamba Roho Mtakatifu aliwashukia saa tatu, kwamba Petro alipanda darini kusali saa sita, kwamba Bwana wetu alikata roho saa tisa, Mswahili haitaji maelezo ya padre; anajua jua lilikuwa wapi. Msomaji wa Ulaya hana budi kufunua maelezo chini ya ukurasa. Na Kanisa la kale lilipotaja sala zake kwa Kilatini, Tertia, Sexta na Nona, lilikuwa linasema tatu, sita na tisa, kama tusemavyo sisi hadi leo. Saa ya mahali ni zawadi, wala hakuna wa kuionea aibu.

Kosa letu lilikuwa kuchukua namba bila herufi zake. Tulidhani kwamba kwa kuwa aliyesema ni mwenzetu, basi saa yake ni yetu. Hatukusema, "Samahani ndugu, ni saa ya wapi hiyo?" Swali hilo lingechukua sekunde tano.

Tazameni sasa jinsi jambo hili lilivyojaa majumbani mwetu. Katika miaka yetu ya kusikiliza wanandoa wenye ugomvi, mara nyingi tumewakuta wote wawili wakisema kweli. Mume anasema, "Nitabadilika hivi karibuni," na moyoni mwake karibuni ni mwaka ujao. Mke anasikia karibuni, na kwake karibuni ni leo jioni. Mzazi anamwambia mtoto, "Nilipokuwa na umri wako," naye mtoto anasikia namba bila kujua ni saa ya wapi. Kijana aliyeko Toronto anawapigia wazazi simu wakiwa wamelala, nao wanaona hana heshima, kumbe kwake ni jioni na ndiyo kwanza ametoka kazini. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunaahidiana kukutana saa kumi, na wengine saa kumi yao ni saa kumi na moja na nusu, kisha tunachukiana. Kila mtu anaibeba namba yake kifuani kama kwamba ndiyo namba pekee iliyopo, na ndege inatua, inasubiri, na kuondoka, huku sisi tukiwaambia wagonjwa wetu kwamba yetu bado.

Lakini tusiishie upande mmoja. Saa ile ndogo ina fundisho la pili, katika zile dakika zisizoguswa. Rubani ana uhuru wa kuweka saa ya mahali alipo, ila hana uhuru wa kujitungia dakika. Kanisa letu nalo liko hivyo. Sisi ni Kanisa la ulimwengu, na papo hapo ni Kanisa mahalia. Tunaimba kwa ngoma na kayamba, tunazika kwa desturi zetu, tunamwita Mungu kwa majina waliyotuachia wazee wetu, na hayo yote ni saa ya mahali, halali kabisa. Lakini upendo kwa adui, uaminifu katika ndoa, haki kwa mfanyakazi, uhai wa mtoto asiyezaliwa na wa mzee asiyejiweza, hizo ni dakika. Hazibadiliki ukivuka ziwa. Anayesema, "Kwa kabila letu mjane hana haki ya shamba, ndiyo mila," anajaribu kubonyeza dakika kwa kisingizio cha saa. Na yule anayetaka kila parokia duniani iimbe nyimbo za mji mmoja, huyo naye anataka kuifuta saa ya mahali, jambo ambalo hata watengenezaji wa ndege hawakulitaka.

Usiku wa Noeli ukikaribia, kumbukeni kisiwa kimoja kilichoko katikati ya Bahari ya Pasifiki, kiitwacho Kiritimati, ambalo ni neno Christmas kama wanavyolitamka watu wa huko. Kiko katika nchi ya Kiribati, ambako Wakatoliki ni wengi, nacho kiko saa 14 mbele ya saa ya ulimwengu, yaani saa 11 mbele yetu. Wao watakapofika usiku wa manane wa Mkesha, sisi tutakuwa saa saba mchana ya tarehe 24, bado tunasafisha samaki na kufagia kanisa. Kisha Mkesha utasogea nchi kwa nchi kuelekea magharibi, utatufikia sisi, utatuacha, utafika Roma saa 2 baada yetu, na kuendelea hadi visiwa vya mwisho. Ni Misa moja, kila mahali kwa saa yake.

Na huyo tunayemngoja, wapendwa, alifanya nini? Yeye aliye wa milele, asiye na kabla wala baada, alikubali kuwa na saa ya mahali. Mwinjili Luka kwa makusudi anamtaja Kaisari aliyetawala na liwali aliyekuwa Siria, ili tusije tukadhani alizaliwa mahali popote na wakati wowote. Alizaliwa usiku fulani, katika mji mdogo, kwa mama aliyekuwa amechoka na safari. Hakutuita sisi tupande kwanza hadi kwenye saa yake. Alishuka akaisoma ya kwetu. Labda hilo ndilo tunaloombwa kufanya katika siku hizi za Majilio: kabla ya kumhukumu mtu kwa kuchelewa au kwa haraka yake, kuuliza kwa upole yuko saa ya wapi.

Kwa upande wetu tumeanza na jambo dogo. Tangu juma hili matangazo yote yatakayobandikwa mlangoni pa kanisa yataandikwa saa na wakati wake: asubuhi, mchana, jioni au usiku, hata kama kila mtu anajua. Nao viongozi wa Jumuiya tunawaomba wafanye vivyo hivyo katika ujumbe wa simu. Misa ya Mkesha wa Noeli itakuwa saa tatu usiku, kwa saa yetu ya hapa. Wagonjwa wanaohitaji kuletewa Komunyo nyumbani kabla ya sikukuu, majina yao yafike ofisini mapema, na mkiona jambo lolote katika tangazo ambalo hamkulielewa, hata neno moja la mwisho, tafadhali ulizeni. Hatutaona mmetusumbua.

Tunaomba pia, katika Rozari ya jioni, mumkumbuke katekista yule mzee na mke wake, ambaye naye amekwisha kumfuata. Tumeshika sala yao kila siku kwa miaka yote hii, kila ifikapo saa tatu asubuhi, popote tulipo. Asubuhi ile ndani ya ndege tulikuwa tumechelewa kwa dakika kumi na mbili.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Padre wenu